Mlishe Nyenje Kwanza, Ndipo Umlishe Buibui

Buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaojulikana duniani kama tarantula, ni wenyeji wa nyika zetu. Mmoja wao, Pterinochilus murinus, alielezwa kisayansi na Mwingereza Reginald Innes Pocock mwaka 1897, na leo anafugwa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wafugaji wa huko humwita kwa mahali alipotoka: wa Usambara, wa Kigoma, wa Mikumi. Wakikutana huulizana zaidi habari za joto, kina cha shimo na ukali wake. Yote hayo yana maana, lakini afya ya buibui huamuliwa mapema zaidi, ndani ya ndoo wanamokaa wadudu wa kumlisha.

Buibui hatafuni akameza. Humchoma mdudu kwa meno yake, humtemea vimeng'enya, humponda, kisha hunyonya uji unaotoka. Mwishoni hudondosha kidonge kidogo cha maganda. Kwa hiyo kilichomo tumboni mwa nyenje huingia tumboni mwa buibui, kiwe mchicha au kiwe sumu. Nyenje aliyeshinda njaa siku tatu ni ganda tu. Alishwe vizuri siku moja au mbili kabla ya kutolewa.

Nyenje anayefaa zaidi anaimba usiku hapa hapa Kilosa, Tanzania: Gryllus bimaculatus, mweusi, mwenye madoa mawili ya manjano penye mashina ya mabawa. Mashamba ya wadudu ya Ulaya na Marekani yalitegemea zaidi nyenje wa kahawia, Acheta domesticus, mpaka virusi vilipowaangamiza kwa wingi miaka ya 2000, ndipo baadhi wakageukia aina nyingine, akiwemo huyu mweusi. Nchini Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walisaidia kumtambulisha nyenje mwingine wa kufugwa, Scapsipedus icipe, mwaka 2018. Wao wanawaza chakula cha watu na kuku, ila ufugaji ni ule ule.

Mtu wa Mamboya, huku Kilosa, hahitaji vifaa vya kuagiza. Chukua ndoo kubwa ya plastiki yenye kuta laini, toboa mfuniko, uzibe tundu kwa wavu wa chuma, maana wa nailoni watautafuna. Simamisha ndani trei za mayai ili wapate pa kujificha. Wape pumba za mahindi, mchicha, vipande vya boga, na dagaa wa kusaga kidogo, kwa kuwa nyenje akikosa protini hula wenzake. Maji usiyaweke kwenye sahani, watazama. Pamba iliyolowa inatosha, ibadilishwe kabla haijanuka. Unyevu ukizidi huja ukungu na harufu kali ya mkojo, na kundi zima laweza kufa kwa siku chache.

Jike utamtambua kwa mrija mrefu wa nyuma, mithili ya sindano ya kushonea magunia. Huudidimiza kwenye mchanga wenye unyevu na kutaga humo. Weka kopo la mchanga huo, kisha ulihamishie ndoo nyingine. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Baridi ya Juni na Julai vilimani itakuchelewesha, basi sogeza ndoo karibu na ukuta wa jikoni, mbali na moshi. Adui mkubwa ni siafu. Weka ndoo juu ya meza, na miguu ya meza isimame kwenye makopo yenye mafuta machafu ya injini.

Kuokota wadudu shambani ni rahisi, nami ninakukataza kabisa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Tanzania mwaka 2017, mahindi hupuliziwa dawa mara kwa mara, na panzi aliyenusurika huweza kuibeba mwilini. Panzi harufu, yule wa rangi za kung'aa anayeshambulia mihogo, ana sumu hata pasipo dawa. Na buibui wa shimoni mwache shimoni: kumkamata mnyamapori huhitaji kibali, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Mwenye buibui kwa halali ampe nyenje asiyezidi ukubwa wa tumbo lake, mmoja au wawili kwa wiki kwa mkubwa. Mtoto apewe vinyenje vidogo mara mbili. Tumia koleo ndefu, kwa sababu murinus huruka haraka na sumu yake huleta maumivu makali na misuli kukakamaa.

Akikataa kula wiki kadhaa huku tumbo limejaa na kuwa jeusi, anajiandaa kujivua gamba. Hapo ndipo wengi humuua kwa huruma, wakizidi kumrundikia nyenje. Buibui anayejivua hulala chali, laini, bila uwezo wa kujitetea, na nyenje mwenye njaa humtafuna akiwa hai. Mtoe nyenje yeyote aliyebaki baada ya saa 24, umwachie buibui maji tu. Usimpe chakula kingine mpaka meno yake, yaliyokuwa meupe alipotoka kwenye gamba, yawe meusi kabisa.