Picha zile zile, majibu tofauti: Jinsi tarakilishi inavyoweza kupotosha utafiti

PICHA za ubongo zilikuwa zile zile 30. Programu iliyozipima ilikuwa moja, FreeSurfer, ambayo wanasayansi huitumia kukadiria ukubwa wa sehemu mbalimbali za ubongo na unene wa gamba lake. Kilichobadilika ni toleo la programu hiyo, aina ya tarakilishi na mfumo endeshi uliokuwa ndani yake. Majibu nayo yakabadilika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliochapisha kazi hiyo mwaka wa 2012 katika jarida la PLoS ONE, waligundua kwamba toleo jipya la programu lilitofautiana na matoleo mawili yaliyolitangulia kwa wastani wa asilimia 8.8 katika vipimo vya ukubwa. Kuhama kutoka tarakilishi ya Macintosh hadi ya Hewlett-Packard kulizua tofauti iliyokaribia nusu ya hiyo. Ndivyo ilivyokuwa pia pale Macintosh ilipobadilishiwa mfumo endeshi kutoka toleo moja hadi jingine.

Tofauti za kiwango hicho si za kupuuzwa. Zinakaribiana na zile zinazoripotiwa katika tafiti za maradhi yanayosinyaza ubongo. Mtafiti aliyebadilisha mashine katikati ya kazi angeweza kudhani kwamba wagonjwa wake wanazidiwa, ilhali kilichobadilika ni tarakilishi iliyo mezani pake.

Ili kuelewa chanzo cha hali hii, ni sharti kwanza kufahamu programu hutoka wapi.

Watu wengi huweka programu kwa kubofya mara mbili na kusubiri. Programu ya namna hiyo ni kama unga wa dukani: umesagwa, umepakiwa, kilichobaki ni kusonga sima. Programu nyingi za kisayansi nazo hupatikana zikiwa mahindi. Mwandishi wake hutoa msimbo, yaani maagizo aliyoyaandika kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, na anayeihitaji huupeleka mwenyewe kwenye kisiagi. Kisiagi hicho huitwa kompaila. Kazi yake ni kuyageuza maagizo hayo yawe tarakimu ambazo prosesa ya tarakilishi husika inaweza kuzitekeleza.

Mfano mzuri ni R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake la 1.0.0 lilitolewa Februari 29, 2000, na hadi leo hutolewa bila malipo. Wachunguzi wa magonjwa, wanauchumi na wataalamu wa kilimo huitegemea. Sehemu ya msimbo wake imeandikwa kwa lugha ya R yenyewe, nyingine kwa C na nyingine kwa Fortran. Fortran ni lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1957, na ambayo bado haijastaafu katika hesabu za kisayansi.

Kwenye Linux, kazi ya kuiunda R huanza kwa kupata kompaila za C na Fortran pamoja na maktaba, yaani mafungu ya msimbo ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Baada ya kuufungua msimbo uliofungashwa, mtumiaji huandika amri tatu. Ya kwanza, ‘./configure’, huichunguza tarakilishi na kuorodhesha kilichomo na kinachokosekana. Ya pili, ‘make’, ndiyo inayosaga. Ya tatu, ‘make install’, huweka kila kitu mahali pake.

Kwa maelezo, kazi ni nyepesi. Kwa vitendo, wengi hukwama kwenye amri ya kwanza, pale mashine inapolalamika kwamba maktaba fulani haipo. Mara nyingi maktaba hiyo ipo, ila kilichowekwa ni kile cha kuendeshea programu tu, bila mafaili ya kuundia programu nyingine. Katika Linux za jamii ya Debian na Ubuntu, mafaili hayo huwekwa kando, katika kifurushi chenye jina linaloishia kwa ‘-dev’. Kutolijua jambo hili dogo kumewapotezea wanafunzi siku nzima.

Macintosh ina kizingiti chake. Kampuni ya Apple hutoa kompaila ya C katika vifaa vyake vya Xcode, lakini haitoi ya Fortran, hivyo mtumiaji hulazimika kuitafuta kwingine. Isitoshe, mnamo Novemba 2020 Apple ilianza kuuza tarakilishi zenye prosesa aina ya M1 badala ya zile za Intel. Programu zilizosagwa kwa ajili ya Intel hazielewi maagizo ya prosesa mpya, ila kwa msaada wa mkalimani aitwaye Rosetta 2. R iliyoundwa mahususi kwa mashine hizo ilipatikana mwaka wa 2021.

Windows haiji na kompaila ya C wala ya Fortran. Wanaosimamia R hutoa mkoba wa vifaa uitwao Rtools, ambao sharti ulingane na toleo la R linaloundwa. Wengine huchagua kuiweka Linux yenyewe ndani ya Windows, jambo ambalo Microsoft iliruhusu kuanzia mwaka wa 2016.

Mbona basi watu wajisumbue hivyo, ilhali R iliyokwisha kusagwa inapatikana kwa mifumo yote mitatu? Kwa kazi za kawaida hakuna haja, na anayejisumbua bila sababu anajitafutia maumivu ya kichwa. Hata hivyo, tarakilishi zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux tangu orodha ya Novemba 2017, na katika mashine za aina hiyo programu nyingi huundwa papo hapo ili zitumie uwezo wote wa prosesa. Mtafiti anayeandaa hesabu zake kwenye kipakatalishi chenye Windows na kuzituma kwenye tarakilishi kubwa ya chuo, tayari anatumia visiagi viwili.

Hapo ndipo majibu huanza kuachana. Tarakilishi haihifadhi tarakimu zote za namba. Kwa kawaida hubakisha takribani tarakimu 16 na kuzitupa nyingine. Chukua 1, uijumlishe na namba yenye 1 na sufuri 16, kisha uitoe namba hiyo kubwa. Binadamu atapata 1. Tarakilishi itapata 0, kwa kuwa ile 1 ilimezwa na jitu hilo. Ikiambiwa ianze kwa kuitoa namba hiyo kubwa kutoka kwa yenyewe, kisha ndiyo ijumlishe ile 1, itapata 1.

Mpangilio wa hesabu, kwa hivyo, una uzito. Kompaila ikiruhusiwa kuharakisha kazi kupita kiasi, huweza kuupangua mpangilio huo. Maktaba ya hesabu ya haraka hugawa jumla moja katika vipande kadhaa, nayo pia huupangua. Katika hesabu moja tofauti hujificha kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Katika kazi ya hatua milioni, ambapo kila hatua hutegemea iliyotangulia, huweza kutambaa hadi ikaonekana.

Hivyo ndivyo ilivyobainika katika vipimo vya ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 na kundi lililoongozwa na Tristan Glatard ulionyesha kwamba hata Linux mbili za matoleo tofauti huweza kutoa majibu tofauti kwa programu za aina hiyo, na ukaelekeza kidole kwenye mabadiliko katika maktaba ya hesabu ya mfumo endeshi.

Si kila hitilafu hutokana na desimali. Mwaka wa 2019, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba programu fupi iliyochapishwa na wenzao mwaka wa 2014 ilitoa majibu sahihi kwenye mifumo fulani na yasiyo sahihi kwenye mingine. Sababu ilikuwa duni mno: programu ilidhani kwamba mafaili yataorodheshwa kwa utaratibu fulani, na si kila mfumo endeshi unaoufuata utaratibu huo. Kwa takribani miaka mitano, waliopata jibu baya hawakupewa onyo lolote.

Kwa sababu hiyo, kuna amri ya nne ambayo wengi huiruka. Baada ya ‘make’, wanaosimamia R hushauri mtumiaji aandike ‘make check’, ili programu ifanye hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha ilinganishe. Huchukua dakika kadhaa. Watafiti wa Maastricht nao waliwashauri watumiaji wasibadilishe toleo la programu, mfumo endeshi wala aina ya mashine utafiti ukiwa bado unaendelea, labda wawe tayari kuurudia uchanganuzi wote.

Tangu toleo la 3.4.0 la mwaka wa 2017, R ikiandikiwa ‘sessionInfo()’ hutaja toleo lake, mfumo endeshi uliopo na maktaba za hesabu inazozitumia. Maelezo hayo huchukua mistari michache tu katika kiambatisho cha tasnifu, na mtahini anayepata jibu tofauti kwenye tarakilishi yake atajua pa kuanzia kutafuta.