SMS Haijafika? Usitume Pesa Mara ya Pili

Umelipa, umeweka PIN, lakini SMS haiji. Pesa zimeenda ama hazijaenda? Ili ujue cha kufanya, hebu tuangalie mifumo hii inavyojengwa.

Zamani programu nyingi kubwa zilijengwa kama kitu kimoja. Fikiria nyumba yenye fyuzi moja: pasi ikiharibika chumbani, giza hadi jikoni. Netflix walionja shida hiyo Agosti 2008, wakati walikuwa bado wanatuma DVD kwa posta huko Marekani. Hifadhidata yao iliharibika, na kwa siku tatu hawakuweza kutumia wateja DVD.

Baada ya hapo waliamua kuupanga mfumo upya. Waliugawa katika mamia ya huduma ndogo, kila moja na kazi yake, wakazihamishia kwenye mitambo ya kukodi ya Amazon. Kazi hiyo ilichukua kama miaka saba, ikaisha Januari 2016. Mbona muda mrefu hivyo? Kwa sababu huduma haingefungwa. Wateja walikuwa wanaendelea kutazama filamu huku sehemu moja baada ya nyingine ikihamishwa. Faida yake ni kwamba sehemu ya kukupendekezea filamu ikikwama, bado unaweza kutazama.

Mifumo mingi ya malipo pia imegawanywa hivyo. Sehemu moja hukagua PIN, nyingine hukata na kuongeza salio, nyingine hutuma SMS. Ya SMS ikilemewa, ile ya salio inaweza kuwa ilimaliza kazi yake kitambo.

Hatari iko hapo. Ukituma upya, mfumo unaweza kulichukua hilo kama ombi jipya kabisa, lenye nambari yake mpya ya muamala. Ulitaka kulipa Sh2,000, sasa umelipa Sh4,000, na kurudishiwa kunaweza kuchukua muda.

Kwa hivyo, SMS ikichelewa:

1. Angalia salio lako kwanza.
2. Fungua orodha ya miamala. Ukiuona muamala, malipo yamepita. Nakili nambari yake.
3. Usipouona, ngoja dakika chache kisha uangalie tena.
4. Bado huelewi? Piga simu huduma kwa wateja kabla ya kutuma tena. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anakusaidia.

Na wewe mwenye duka, usitegemee SMS iliyo kwenye simu ya mteja. Inaweza kuchelewa, na pia inaweza kuwa feki. Angalia akaunti yako mwenyewe ndipo utoe bidhaa.

Mwisho, ukiona tangazo kwamba mfumo utafanyiwa marekebisho usiku, lisome vizuri. Mara nyingi huo ndio wakati sehemu moja inabadilishwa. Nunua tokeni za stima na utume nauli mapema, ama ubaki na pesa taslimu kidogo mfukoni.