Sakafu inapanda, nyumba inazama

Katika mtaa wa Muara Baru, kaskazini mwa jiji la Jakarta, Indonesia, watoto wanakua na sakafu nayo inapanda. Dari tu ndiyo inabaki palepale. Kila baada ya miaka michache wazazi humwaga kifusi ndani na kuinua sakafu ili maji yasiingie. Katika pwani hiyo ya kisiwa cha Java zipo nyumba ambazo dirisha la zamani sasa liko usawa wa goti.

Wengi huilaumu bahari, na kweli inapanda. Lakini jiji lenyewe linashuka kwa kasi zaidi. Baadhi ya maeneo yamewahi kuzama hadi sentimita 20 kwa mwaka.

Chanzo kikubwa ni visima. Maji ya bomba hayajafika kila nyumba, hivyo familia, hoteli na viwanda huvuta maji ya ardhini kwa pampu. Chini ya Jakarta kuna matabaka ya mfinyanzi laini ulioshiba maji. Yakivutwa kuliko mvua inavyorudisha, udongo hujibana kama godoro la sponji lililolaliwa miaka kumi. Likishabonyea katikati, halirudi.

Kwa mzazi, tatizo haliishii kwenye nyufa za ukuta. Ardhi ikishuka, mitaro hupoteza mteremko na maji machafu husimama mtaani. Mafuriko yakija, vyoo, mitaro na visima vifupi huwa kitu kimoja. Hapo huja kuhara, na pia leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya. Watanzania wanaukumbuka kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka Lindi mwaka 2022.

Vijidudu vyake hupenya hata kwenye mchubuko mdogo, kwa hiyo mtoto asichezee maji ya mafuriko, tena pekupeku. Akipata homa, maumivu ya misuli au macho mekundu siku au wiki chache baadaye, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba alikanyaga maji hayo. Usipolisema hilo, ni rahisi kudhaniwa ni malaria.

Visima vya karibu na pwani vina shida nyingine, nayo inajulikana hata Dar es Salaam: vikivutwa sana, maji ya bahari huingia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi inabaki. Maji ya aina hiyo yasitumike kumkorogea mtoto mchanga maziwa ya kopo.

Je, kuzama kunaweza kuzuiwa? Tokyo ilifanikiwa. Sehemu za mashariki ya jiji hilo zilishuka zaidi ya mita 4 katika karne iliyopita. Sheria ya mwaka 1956 ilianza kuvibana viwanda vilivyovuta maji ardhini, huku vikipelekewa maji mengine. Miaka ya 1970 kasi ikapungua sana. Hata hivyo ardhi haikurudi kwenye kimo chake cha zamani, na watu wa huko bado wanaishi chini ya usawa wa bahari, nyuma ya kuta.

Jakarta nayo ilianza mwaka 2023 kuyazuia majengo makubwa katika baadhi ya maeneo kutumia maji ya ardhini. Familia zisizo na bomba bado hununua madumu yanayosukumwa kwa mkokoteni, na kwa kila lita hulipa zaidi ya jirani mwenye bomba.