Mtoto aliyekariri Nile bila kuujua

Mwalimu wa fasihi akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake ubaya wa utawala wa mabavu, aghalabu mkono wake huenda moja kwa moja kwa George Orwell. Si ajabu. Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, limepita mikononi mwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, na nguruwe wake wanaeleweka hata na asiyejua lolote kuhusu Urusi. Humo mna mbwa wakali, mna njaa, mna damu. Dhalimu anaonekana wazi, na msomaji anajua ni nani wa kumchukia.

Nami nataka kumwombea nafasi darasani mwandishi mwingine, Aldous Huxley, ambaye kwa muda mfupi alimfundisha huyo huyo Orwell Kifaransa katika shule ya Eton. Riwaya yake, Brave New World, ilitoka mwaka 1932, miaka 13 kabla ya ile ya wanyama. Jina lake limechotwa katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Tufani. Ni maneno ya msichana aliyelelewa kisiwani, akishangilia uzuri wa watu anaowaona kwa mara ya kwanza, asijue kwamba miongoni mwao wamo wala njama. Huxley aliliteua jina hilo kwa kejeli.

Katika ulimwengu wake hakuna mbwa wa kuwatisha raia. Hakuna njaa wala vita, na hapana mama anayemlilia mwanawe, maana hapana mama. Binadamu hutengenezwa katika chupa, ndani ya jengo la ghorofa 34 jijini London, na yai moja laweza kugawanywa likatoa pacha 96 wanaofanana kama sahani. Kabla hawajatoka chupani wamekwisha kupangwa katika matabaka matano, kuanzia Alfa wenye akili hadi Epsiloni, ambao hupunguziwa hewa ya oksijeni makusudi ili akili zao zidumae na wasione uchovu wa kazi duni. Miaka huhesabiwa tangu gari maarufu la Ford lilipoanza kuundwa mwaka 1908. Na mtu akihisi huzuni hata kidogo, humeza tembe za soma, akalala usingizi mtamu usioacha kichwa kikimgonga asubuhi.

Msomaji wa Kenya atashtuka kidogo katika sura ya kwanza. Mkurugenzi wa jengo hilo anajigamba mbele ya wanafunzi kwamba kituo chake kimewahi kupata watoto 16,012 kutokana na kifuko kimoja cha mayai, kisha anakiri kwamba vituo vya nchi za joto vimewapita, na Mombasa imegusa 17,000. Basi! Hapo ndipo Mombasa ilipotajwa katika riwaya hii mashuhuri ya Kiingereza, na imetajwa kama kiwanda. Jamaa ya Huxley haikuwa ngeni kwetu. Nduguye Julian, mwanabiolojia, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1929 kwa mambo ya elimu, na Elspeth Huxley, aliyeandika habari za utoto wake Thika, alikuwa mke wa binamu yake. Hata hivyo, mtu mweusi katika kitabu hiki ni mpagazi au mhudumu anayepita tu. Mwalimu asilifiche hilo. Mwandishi aliyeona mbali kiasi hicho kuhusu mashine hakuona mbali kuhusu watu.

Lakini sababu hasa ya kuwasihi walimu wakisome kitabu hiki ni kwamba dola la Huxley linasimamishwa na shule. Kuna mtoto mmoja, Tommy, aliyelala karibu na chombo kikimsemea usiku kucha habari za mto Nile. Asubuhi anaikariri sentensi nzima, kwamba Nile ni mto mrefu kuliko yote Afrika, bila kukosa neno. Anaulizwa: ni mto gani ulio mrefu kuliko yote Afrika? Anaduwaa. Hajui. Anaangua kilio.

Ni mwalimu gani wa nchi hii asiyemjua Tommy? Mimi nimemwona akipata alama za juu katika mtihani. Amemeza tamathali zote za usemi pamoja na mifano yake, na ukimpa shairi asilolijua anakutazama kana kwamba umemtukana. Mitaala imebadilika, mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, lakini Tommy bado anakaa katika dawati la mbele.

Tazama sasa watawala wa Huxley walivyoyatumia makosa hayo. Hawakuitupa mbinu yao. Waligundua kwamba sauti ya usiku haiwezi kumpa mtoto maarifa, ila yaweza kumpa maadili, kwa kuwa maadili wanayoyataka wao hayahitaji kueleweka. Watoto wa Beta wanaambiwa usingizini jinsi walivyobahatika kuwa Beta, kwamba Alfa huchoshwa na kazi nyingi na Epsiloni ni wajinga. Wanaambiwa mara 120, siku tatu kwa juma, kwa miezi 30. Mwishowe mtoto hawezi kutofautisha fikra yake na ile sauti. Watoto wa Delta wenye umri wa miezi minane huwekewa vitabu na maua ya waridi. Wakitambaa kwa furaha kuvishika, king'ora hulia, sakafu ikawapiga kwa umeme. Baada ya kurudiwa mara 200, somo limeingia hata kaburini. Vitabu wavichukie kwa sababu vyaweza kuwatia mawazo. Maua wayachukie kwa sababu anayetosheka kutazama ua hanunui kitu.

Fimbo ya kawaida humfanya mtu atii huku akinung'unika moyoni. Hii humwondolea hata ule moyo wa kunung'unika. Mwaka 1949 Huxley alimwandikia Orwell, baada ya kuisoma riwaya yake ya mwisho, akimweleza kwamba watawala wajao wangeona kumfunza mtoto mchanga ni njia rahisi kuliko virungu na magereza.

Anayeupinga ulimwengu huo ni John, kijana aliyekulia katika hifadhi ya Wahindi Wekundu huko New Mexico, akajifunza Kiingereza chake katika kitabu kikuukuu cha Shakespeare. Mabishano yake na Mustapha Mond, mmoja wa Watawala kumi wa dunia, ndiyo moyo wa riwaya. Mond si mjinga. Amevisoma vitabu alivyovipiga marufuku, tena anavipenda. Anaeleza jinsi Alfa 22,000 walivyowahi kupewa kisiwa cha Kipro wajitawale. Haikutimia miaka sita wakapigana wao kwa wao, wakafa 19,000, na waliosalia wakaomba warudishiwe utawala. Mwishowe anamhesabia John gharama ya uhuru: uzee, njaa, hofu ya kesho, homa ya matumbo. John ananyamaza kitambo kirefu, kisha anasema anayataka yote.

Wanafunzi hupiga makofi wafikapo hapo. Mimi huwazuia. Homa ya matumbo kwetu si neno la kitabuni. Wamo darasani waliomzika mtu kwa ajili yake, na wamo waliokuja shuleni bila kula. Kwa mwenye njaa, hoja ya Mond ina uzito ambao msomaji aliyeshiba haupimi. Asiyeona kwamba Mond anatoa kitu cha thamani hajaisoma riwaya hii, na hataweza kumjibu Mond mwingine atakayekuja na shibe mkono mmoja na ukimya mkono wa pili.

Na John mwenyewe je? Naye hukariri. Kila jambo alionalo hulivalisha maneno ya Shakespeare, hata mapenzi yake kwa Lenina, mpaka akashindwa kumwona msichana aliye mbele yake. Anaishia kujipiga mijeledi, kisha kujinyonga. Huxley mwenyewe, katika dibaji ya mwaka 1946, alikiri kwamba alimpa John njia mbili tu, zote za wazimu, na kwamba laiti angeiandika upya angemwachia ya tatu.

Binafsi naiona njia hiyo ya tatu imo tayari, ila imepitwa haraka. Helmholtz, mwandishi wa tabaka la Alfa, anahukumiwa kupelekwa kisiwani pamoja na Bernard, rafiki yake. Bernard anapiga magoti akibembeleza, hadi anabebwa nje akilia. Helmholtz anaulizwa angependa kisiwa cha namna gani. Anaomba chenye hali mbaya ya hewa, akidhani ataandika vyema zaidi penye upepo na tufani. Mond anamtajia Falkland. Helmholtz anajibu kwamba hapo patafaa, kisha anatoka kwenda kumtazama Bernard.