Jua la Kigoma, saa ya Bujumbura

Mtu wa Kigoma akitaka kwenda kupumzika ufukweni, akili yake hukimbilia mashariki. Hupanda treni au basi, akavuka nchi nzima hadi Dar es Salaam, na mwenye uwezo akaunganisha boti ya Unguja. Reli ilifika hapa mwaka 1914 ikasimama, na nadhani fikra zetu nazo zilisimama hapohapo stesheni. Tumezoea kujiita watu wa mwisho wa reli, kana kwamba mbele yetu hakuna kitu.

Mbele yetu kuna ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, lenye nchi nne pembeni yake. Ndiyo maana Ijumaa moja ya kiangazi sisi wanne, fundi wa injini za boti, muuguzi, mwalimu wa sekondari na mimi, tuliingia kwenye gari dogo la fundi na kuelekea kaskazini. Tulikuwa tunakwenda Bujumbura kuogelea.

Safari hii ina maandalizi yake. Tangi tulilijaza Kigoma, kwa sababu Burundi imepitia miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta. Tulichukua kadi mbili za njano, ya bima ya gari na ya chanjo ya homa ya manjano. Na tulichagua Ijumaa makusudi. Jumamosi asubuhi Warundi hufanya kazi za jamii, magari hupungua barabarani na maduka hufungwa hadi kazi hizo ziishe, kwa hiyo mgeni asiyejua hujikuta amekwama njiani.

Kutoka Mwandiga barabara inapanda vilima vya Buhigwe. Hewa ikapoa, migomba na kahawa vikatuzunguka, na ziwa likapotea nyuma ya milima ile ambayo upande wake wa pili ndiyo Gombe. Manyovu tulifika mapema. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwa Mtanzania mwenye hati ya safari mpaka huu hauna makuu. Muuguzi wetu, Muha wa Kasulu, alimsalimu mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni upande wa Mugina, “Mwakeye.” Mama akaitikia, “Bwakeye neza,” wakaendelea, huyu kwa Kiha na yule kwa Kirundi, hakuna aliyehitaji mkalimani. Waliagana wakiitana dada.

Vitu viwili hubadilika ukivuka. Magari hupita kulia, na mwalimu akajipa kazi ya kumkumbusha fundi kila kona, “Kulia, kaka, kulia.” Halafu saa inarudi nyuma kwa saa moja. Simu zetu zilijirekebisha zenyewe. Mwalimu alikataa kuigusa saa yake ya mkononi. Alisema amezaliwa Ujiji, na saa ya Ujiji inamtosha.

Tuliteremka hadi Nyanza-Lac, ziwa likatokea kushoto, na kuanzia hapo halikutuacha. Sijui barabara nyingine ya kwetu inayokwenda na maji bega kwa bega hivi. Kuna mahali unaweza kufungua dirisha ukasikia mawimbi. Rumonge ikaja na michikichi yake, mingi kama ya kwetu, na kando ya njia madumu ya mawese yamepangwa na rangi ileile nyekundu inayochafua mikono ya wapishi wa Kigoma.

Hapo muuguzi alinyamaza. Ukanda huu ndio ulioteketea katika mauaji ya mwaka 1972, na waliookoka wakakimbilia kwetu. Mwaka 2015 wakaja wengine. Makumi ya maelfu walijikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingilia, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, ambako uwanja wa Lake Tanganyika uligeuka kituo cha kuwapokea. Yeye alikuwa kijana aliyejitolea kugawa maji uwanjani hapo. “Sikuwahi kuona walikotoka,” alisema. Akaomba tusimame. Alishuka, akatazama nyumba, michikichi na watoto waliokuwa wakitoka shule, kisha akarudi kwenye gari.

Karibu na Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wako wanaoamini kwamba walikutana hapo. Walikutana Ujiji, na sisi wa huku tunalijua hilo tangu darasa la nne. Mugere walifika baadaye, wakielekea mdomo wa mto Rusizi kuangalia kama unatoka ziwani, maana Livingstone alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Wakakuta maji yanaingia. Mlango wa kutokea ni mto Lukuga, upande wa Kongo.

Kilichonigusa ni kwamba wageni hao wawili hawakupiga kasia. Waliondoka Ujiji kwa mtumbwi uliokuwa na wapiga makasia wake, wakafuata pwani hii tuliyoifuata sisi, wakala na kulala njiani, wakarudi. Karibu mwezi mzima. Walioujua upepo na mahali pa kuegesha hawamo kwenye jiwe. Fundi wetu, ambaye babu yake alikuwa mvuvi Ujiji, alizunguka jiwe lote akiangalia kama kuna jina la tatu.

Bujumbura tulilala Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako chapati na chai ya asubuhi huagizwa kwa Kiswahili kinachofanana na cha Ujiji kiasi kwamba mwalimu aliulizwa yeye ni mtoto wa nani. Si ajabu. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakipandisha bidhaa huku kabla ya Wajerumani.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Ufuko wa Saga uko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Gatumba na mpaka wa Kongo. Mchanga mweupe, viti, ngoma, watoto wa rika zote ndani ya maji, na bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akiogelea taratibu sambamba na ufuko kama anayekwenda sokoni. Wenyeji walituonyesha mahali pa kuingilia na kutukataza kukaa kando ya maji giza likiingia, kwa sababu viboko hupanda kula majani. Tulikula mukeke wa kuchoma na ndizi. Mukeke ni mgebuka, samaki wetu mwenyewe kwa jina la ugenini, na ndagala ni dagaa.

Ufuko huo umepungua. Maji ya ziwa yamekuwa yakipanda tangu mwishoni mwa muongo uliopita, yakameza sehemu za fukwe, na watu wa Gatumba wamehamishwa na mafuriko mara kwa mara. Kwetu pia yamepanda. Ziwa hili lina tabia ya kupanda na kushuka. Mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1870 Lukuga ilizibuka na ziwa likashuka mita kadhaa.

Nililala mchangani nikiwaza Kibirizi na mwalo wa Ujiji. Sisi hushuka ziwani kufanya kazi: kuanika dagaa, kufua, kupakia mitumbwi. Kazi hiyo inatulisha na sitaki ihame. Lakini watoto wengi wa mji wetu wanakua wakiliona ziwa kila siku bila mtu mzima kuwafundisha kuogelea, na kila mwaka tunazika waliozama. Katonga ina mchanga mzuri. Ningependa kuona Jumapili pale baba na mama wameingia majini na wanao.

Jioni watu walianza kukusanya viti. Jua lilikuwa juu ya milima ya Kongo, milima ileile linakozamia ukiwa Ujiji. Simu yangu ilisema saa kumi na mbili. Mwalimu akanyoosha mkono wake uliokuwa bado na mchanga, akanionyesha saa yake. Saa moja kamili. “Nyumbani linatua sasa hivi,” akasema, na tukalitazama hadi likaisha.