Kazi ya kutunza majengo ya jadi: inasomewa wapi?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa kutoka Fizi alifika ofisini kwetu na swali ambalo hatukuwahi kuulizwa. Alikuwa ametoka kumsaidia babu yake kuezeka jiko la nyasi, na mikono yake bado ilikuwa na mikwaruzo. Akauliza: "Dada, hii kazi ya babu, kuna shule inayoifundisha mtu akapata cheti?" Wenzangu wawili walicheka. Wengi wetu tunaona nyumba ya nyasi ni alama ya umaskini, na nyumba ya kweli ni ya matofali ya kuchoma na mabati. Nilimwambia kijana arudi baada ya wiki mbili nikiwa nimeuliza. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaandika ili yawafae na wengine.

Jibu ni ndiyo, inasomewa. Na wapo watu duniani wanaoishi kwa mshahara wa kazi hiyo. Tusiende mbali, tuanze hapa Uganda.

Pale Kampala, juu ya kilima cha Kasubi, kuna makaburi ya wafalme wa Buganda. Nyumba kubwa ya mahali hapo inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Ni ya duara, upana wake ni mita 31 hivi, na paa lake la nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 likageuzwa kaburi lake. Baadaye wakazikwa hapo makabaka wengine watatu. Ndani, paa limefungwa kwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuezeka si kwa kila mtu: ni kazi ya ukoo wa Ngeye, nayo ina miiko yake. Mwaka 2001 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua. Mwaka uleule UNESCO ikaiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuitoa mpaka Septemba 2023. Hesabuni wenyewe: miaka 13. Ghorofa la saruji la vyumba mia linamalizika kwa muda mfupi zaidi. Kwa nini nyumba ya nyasi ikachukua muda huo wote? Fedha zilitafutwa, na Serikali ya Japani ilisaidia mpango wa kuzuia moto usirudi. Lakini nyumba ile haikuweza kurudishwa na fundi yeyote aliyepita njiani. Ilibidi kujua nyasi gani zikatwe, zikaushwe siku ngapi, fungu liwe na unene gani, lifungwe wapi, na nani aruhusiwe kulifunga. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye ramani ya mjenzi. Yalikuwa kwenye vichwa vya wazee na kwenye vidole vyao.

Sasa geuza macho uangalie kambi yetu. Wazee wangapi waliojua kuezeka tumewazika hapa? Warundi mnapajua Gishora, karibu na Gitega, penye ngoma za kifalme na nyumba za nyasi za zamani. Kwetu Kongo kila kabila lilikuwa na namna yake ya kukunja fito na kusimamisha nguzo. Tuliokua chini ya shitingi hatukujifunza. Mimi mwenyewe nina miaka 26 na siwezi kufunga fungu moja la nyasi likakaa.

Labda utasema, nyasi zina faida gani leo, wakati hata nyasi zenyewe ni za kugombania. Ni kweli. Lakini kazi hii si ya nyasi tu. Ni kujua kila jengo la zamani limejengwa kwa kitu gani, linaumwa ugonjwa gani, na dawa yake ni ipi. Nitoe mfano mmoja ambao kila mtu hapa ameuona kwa macho yake.

Mtu ana nyumba ya miti na udongo. Anapata mfuko mmoja wa saruji, anafurahi, anapiga lipu ukuta wa nje ili nyumba ipendeze. Mwaka wa kwanza ni safi. Mwaka wa pili lipu inaanza kuvimba, inapasuka, halafu inaanguka vipande vikubwa pamoja na udongo. Watu wanasema saruji ilikuwa mbaya au jirani ana wivu. Sababu ni nyingine. Udongo hunyonya maji na kuyatoa tena, hutanuka kidogo na kusinyaa kidogo. Saruji ni ngumu, haifuati. Maji yakiingia kwenye ufa mdogo, au yakipanda kutoka chini, hayana pa kutokea. Yanabaki kati ya lipu na ukuta, na ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Mabibi zetu walikandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga, samadi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, wakarudia kila baada ya mvua. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ukuta ulipumua. Na paa lilitokeza mbele sana ili mvua isipige ukuta, na chini waliinua msingi ili maji yasikae.

Kwenye pwani ya Uswahili kosa ni hilohilo ingawa jengo ni la mawe. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Mtu akizitengeneza kwa saruji, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani na boriti zinaoza kwenye ncha zake. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, ilianguka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea. Watu wawili walikufa. Kwa hiyo ujuzi huu unagusa uhai wa watu, si uzuri wa picha tu.

Sasa tuje kwenye kujifunza kwenyewe. Naomba msome sehemu hii polepole, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Kwa aliyemaliza sekondari, mlango mkubwa ni chuo kikuu. Makerere na Uganda Martyrs University wanafundisha usanifu wa majengo, na anayesoma usanifu anaweza baadaye kuchagua upande wa majengo ya kale. Lakini kwanza karatasi. Mwenye diploma ya Leta kutoka Kongo, au cheti cha Burundi, hawezi kuingia nacho moja kwa moja. Ni lazima kitafsiriwe kwa Kiingereza, kisha kipelekwe kwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ili kilinganishwe na vyeti vya hapa. Jambo hili linachukua muda. Anzeni nalo kabla ya jambo lingine lolote, msingoje mpaka tangazo la chuo litoke. Nimeona vijana wawili wenye alama nzuri wakikosa mwaka mzima kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Kuhusu karo, upo msaada wa DAFI, unaotolewa na Serikali ya Ujerumani kupitia HCR tangu mwaka 1992. Ni kwa wakimbizi wanaosoma shahada ya kwanza. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, nawaambia wazi. Kuna sharti la umri pia, someni tangazo lenyewe.

Fomu ya DAFI haiuzwi. Narudia, haiuzwi. Nilipomaliza shule mtu mmoja alinijia akasema ana ndugu ofisini na kwa pesa kidogo jina langu litapanda juu. Mama aliuza maharage ya msimu mzima. Mtu yule alinipa karatasi yenye muhuri, na karatasi hiyo ninayo mpaka leo, haikunipeleka popote. Mama hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Huduma za HCR na mashirika yake ni bure, na mtu anayewaomba pesa mlete jina lake kwetu au kwenye dawati la ulinzi.

Mbali na Uganda, kuna mahali pawili nataka mpajue, hasa ninyi mliosoma kwa Kifaransa, maana kwa mara moja lugha hiyo inatupa nafasi. Pa kwanza ni EPA, shule ya urithi wa Afrika iliyoko Porto-Novo nchini Benin, iliyoanzishwa mwaka 1998. Inafundisha watu wanaotunza makumbusho na maeneo ya kale ya Afrika. Pa pili ni Grenoble, Ufaransa. Huko kuna CRAterre, kituo kilichoanza mwaka 1979 kwa kushughulikia jambo moja tu: ujenzi wa udongo. Ndiyo, udongo huuhuu tunaoukanyaga. Shule ya usanifu ya mji huo inatoa diploma ya juu ya ujenzi wa udongo. Mtu hawezi kwenda huko bila digrii ya kwanza, viza, na hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo huombwa kwa serikali kupitia ofisi ya OPM. Siwaambii kwamba kesho mtapanda ndege. Nawaambia ili mzee wenu akikandika ukuta msimwone mshamba: kuna maprofesa Ulaya wanaosoma kitu hicho.

Na yule asiyefika sekondari? Kwa maoni yangu huyu ndiye aliye karibu zaidi na kazi, ingawa mwenyewe hajui. Fundi mwashi au seremala anayejua kufanya kwa mikono anahitajiwa kwenye majengo ya kale kuliko mwenye vitabu peke yake. Uganda ina mitihani ya ufundi ambayo haimwuulizi mtu alisoma darasa la ngapi. Anapimwa kwa kufanya kazi mbele ya mkaguzi, na akifaulu anapewa hati. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hivyo hati hiyo si pambo. Kina mama msijitoe. Kukandika kulikuwa kazi yenu tangu zamani, sijui ni nani aliyesema kwamba mwashi ni mwanamume.

Jambo la mwisho ni lile tunaloweza kuanza bila kuomba ruhusa. Andikeni. Chukua daftari, kaa na mzee, muulize mti gani hauliwi na mchwa, nyasi zikatwe mwezi gani, mwinamo wa paa uweje ili maji yasiingie. Andika jina la kila kitu kwa lugha yake, Kibembe, Kifuliru, Kirundi, Kinyarwanda, na uchore. Anayeomba nafasi kwenye shule hizo nilizozitaja akiwa na daftari la namna hiyo ana kitu ambacho mwingine hana. Mzee akikataa kusema mambo ya miiko, mwacheni, msimlazimishe.

Wanaotaka kuuliza kuhusu vyeti na DAFI waje ofisi ya huduma za jamii Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla ya saa sita. Njoo na nakala ya cheti chako na nakala ya karatasi ya familia, na ya asili uiache nyumbani. Siku za mgao wa chakula ofisi inafungwa.

Babu wa yule kijana amekubali kufundisha. Ataezeka banda la shule ya watoto wadogo mvua zikipungua, na amesema atapokea watu wanane, si zaidi, maana wakizidi wanamvurugia. Majina yanaandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja aje na panga lake, na asije akiwa amechelewa, kwa kuwa mzee anaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.