Chanjo ilizaliwa Muguga, ng'ombe wa shosho akafia Murang'a

Ukitoka Nairobi kuelekea Limuru, umeinamia simu ndani ya matatu, unapita Muguga bila hata kuinua macho. Mimi pia nilikuwa napita tu hivyo. Siku hizi lazima nichungulie dirishani, kwa sababu kitu ambacho kingenibakisha chuoni kilitengenezwa hapo, mama yangu akiwa bado mtoto.

Stori iko hivi. Karo yangu ilikuwa inalipwa na ng'ombe. Usicheke. Shosho alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi kule Murang'a, na mkubwa wao, Karembo, alikuwa anatoa lita 14 kwa siku. Maziwa yanaenda kwa ushirika, pesa inaingia mwisho wa mwezi, mimi natumiwa M-Pesa. Nikiwa mwaka wa pili, shosho akanipigia: Karembo hali. Kesho yake ana uvimbe chini ya masikio. Jirani mmoja akashauri uvimbe uchomwe kwa chuma cha moto, ukachomwa. Daktari wa mifugo alipofika, Karembo alikuwa anatoa povu puani na kuhema kama mtu aliyekimbia kutoka Thika. Alikufa Alhamisi. Yule wa pili aliuzwa kwa bei ya kutupa ili deni la dawa lilipwe. Muhula uliofuata sikurudi chuo.

Ugonjwa wenyewe ni ndigana kali. Madaktari huandika ECF, yaani homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani inayosemwa ni hii yetu ya Afrika Mashariki: mwanzoni mwa karne iliyopita, ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka huku waliufikisha Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mifugo ya kule ikafyekwa. Tulisafirisha kifo, kisha kikapewa jina letu.

Anayeueneza ni kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Akinyonya damu anaacha kijidudu kinachoitwa Theileria parva, na hiki kina ujanja wa ajabu. Kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, halafu kinawalazimisha askari wenyewe wazaane ovyo, karibu kama saratani. Ndiyo maana tezi zinavimba. Baadaye mapafu yanajaa maji. Ng'ombe wa kienyeji waliokulia kwenye kupe huweza kuponea. Wa gredi, yule uliyemnunua kwa mkopo kwa sababu ya maziwa mengi, asipotibiwa mapema huwa amekwenda. Dawa ipo, inaitwa buparvaquone, lakini ni ghali na inataka uwahi siku za kwanza kabisa.

Sasa turudi Muguga. Miaka ya 1970, wakati ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikiwa bado hai, watafiti wa mifugo walioajiriwa na Jumuiya walikuwa hapo wakijaribu kitu ambacho ukikisikia mara ya kwanza unadhani ni wazimu. Unamdunga ng'ombe mzima kijidudu chenyewe, kikiwa hai. Saa hiyo hiyo unamdunga oksitetrasaiklini ile inayokaa mwilini muda mrefu. Dawa inakibana kijidudu, mwili unapata nafasi ya kukisoma, na ng'ombe anabaki na kinga ya maisha kwa kuchanjwa mara moja. Walichanganya aina tatu za kijidudu, na mpaka leo chanjo hiyo inaitwa kokteli ya Muguga. Jina kama la kinywaji cha Westlands, najua.

Jumuiya ilivunjika 1977. Utafiti haukufa. ILRI, pale Kabete, ilikuja kutengeneza dozi nyingi, na Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania walizichangamkia vibaya sana. Ng'ombe aliyechanjwa anavishwa hereni sikioni, na sokoni hereni hiyo inaongeza bei.

Kwa nini basi haikumfikia shosho? Hapa ndipo nilikasirika kidogo. Kwanza, chanjo hii haipikwi kwenye chupa. Inatengenezwa kwa kulisha kupe kwenye wanyama walioambukizwa, kisha kupe hao wanasagwa. Ni kazi ya miezi mingi. Pili, lazima ikae kwenye mtungi wa nitrojeni ya maji, baridi ambayo friji yako haijawahi kuota. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, mrija mmoja una dozi za ng'ombe thelathini, arobaini hivi, na ukishayeyushwa lazima uishe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Mmasai mwenye ng'ombe mia anaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Shosho ana wawili. Nani atafungua mrija kwa sababu ya wawili?

Na chai unayokunywa Nairobi, sehemu kubwa ya maziwa yake hutoka kwa watu kama shosho.

Kuna wanasayansi ILRI wanaotafuta chanjo mpya ya kutumia protini ya kijidudu badala ya kijidudu chenyewe, ili mtungi usihitajike. Wamekuwa wakiitafuta miaka mingi. Sikutaka kungoja.

Mwaka jana shosho alipata ndama mpya. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikapiga simu, nikapanda na kushuka vilima nikiandika majina kwenye daftari. Boma 23, ndama na mitamba 38. Wengine walidhani ni utapeli, mzee mmoja akaniuliza nimesomea wapi, nikabadilisha mada. Daktari alikuja na mtungi asubuhi, saa sita alikuwa amemaliza. Alituonya mambo mawili: tuwapime joto wiki zinazofuata, kwa sababu wachache huugua kidogo, na tusiache kunyunyizia dawa ya kupe, maana kupe wana magonjwa mengine.

Siku ya 15 shosho akanipigia. Ndama ana joto. Moyo uliniruka, nikaona Alhamisi ile tena. Daktari akarudi, akampa sindano, siku mbili baadaye ndama alikuwa analia njaa.

Sasa ni mtamba mwenye mimba ya miezi mitano. Nimemuuliza shosho kuhusu chuo. Anasema tungoje azae kwanza.